Mwanangu, anza na viazi

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu, sisi huku wazima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali nasi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umesema yule bibi Myahudi wa ghorofa ya pili amekubali uingie kwake na kamera, ila kwa sharti moja: usimuulize habari za mamake na kambi za Wanazi. Mwalimu wako naye anasema bila habari za kambi huna filamu. Mimi nakwambia filamu unayo. Tena mji huohuo unaokaa ndiko alikozaliwa mtu aliyeifanya kazi ya namna hiyo kwa miaka 47, na njia yake yote iko wazi kwa anayetaka kuifuata.

Chantal Akerman, mtengenezaji wa filamu, alizaliwa Brussels tarehe 6 Juni 1950. Mama yake, Natalia, alikuwa Myahudi aliyetokea Poland. Wakati wa vita alipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, akarudi. Wazazi wa Natalia hawakurudi. Chantal alikulia kwa mama aliyepika, aliyehangaika, aliyetaka kujua umekula nini na umevaa nini, lakini kuhusu kambi alikaa kimya. Sasa fikiri: mtoto anajua kuna jambo kubwa ndani ya nyumba, na haruhusiwi kuligusa. Atalitazama wapi? Atatazama mikono ya mama. Atatazama mlango, sufuria, korido. Ukilielewa hilo, umeshika ufunguo wa kazi zake karibu zote.

Kabla hujagusa kamera, tazama filamu tatu, na usizitazame kwa simu.

Ya kwanza ni News from Home. Chantal aliishi New York mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa na miaka ishirini na kitu, na mamake akawa anamwandikia. Mwaka 1976 alirudi huko, akarekodi mitaa, vituo vya treni za chini ya ardhi na madirisha ya maduka, kisha juu ya picha hizo akazisoma barua za mama kwa sauti yake mwenyewe. Barua ni kama zetu hizi. Wazima, ila baba hajisikii vizuri. Fulani kachumbiwa. Nimekutumia dola 20. Mbona huandiki? Majibu ya binti husikii hata moja.

Sikiliza kwa makini jinsi sauti ilivyochanganywa, maana hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Treni inapoingia kituoni, kelele yake inapanda na kumfunika msomaji, na maneno ya mama yanapotea katikati ya sentensi. Wewe ungekaa kwenye meza ya kuhariri ukashusha kelele ili kila neno lisikike, kama tulivyofundishwa. Yeye hakushusha. Barua ya mama inamfikia mtoto aliye mbali hivyohivyo, nusunusu, maisha mengine yakipita juu yake. Ukisafisha sauti ile, unabaki na maelezo ya barua na umeua umbali. Shoti ya mwisho imechukuliwa kutoka kwenye kivuko kinachoondoka Manhattan: majengo yanarudi nyuma kwenye ukungu kwa karibu dakika kumi, bila kukatwa. Ikae moyoni, utaikumbuka tukifika kwenye ile ya tatu.

Ya pili ni Jeanne Dielman, ya mwaka 1975. Jina kamili lina anwani ndani yake, 23 quai du Commerce, na mtaa huo uko hapohapo Brussels, nenda uuone. Chantal aliirekodi akiwa na miaka 24. Ina dakika 201. Mwaka 2022 jarida la Sight and Sound la Uingereza liliwauliza wahakiki wa dunia nzima, wakaiweka namba moja kati ya filamu zote, na ilikuwa mara ya kwanza filamu ya mwanamke kukaa hapo. Isikutishe. Ni siku tatu za mjane anayeishi na mwanawe wa kiume. Anapika, anasafisha, anatandika, na mchana anampokea mwanamume mmoja anayemlipa. Pesa anaziweka kwenye bakuli la supu lenye kifuniko, juu ya meza ya kulia chakula.

Fuatilia viazi. Siku ya kwanza kila kitu kina saa yake: viazi vinawekwa motoni mgeni anapoingia, mgeni akiondoka vimeiva. Taa ya chumba anachotoka inazimwa kabla ya kuwasha ya anakoingia. Siku ya pili viazi vinapitiliza. Anakuta vimeharibika, anashika sufuria, anazunguka nayo ndani ya nyumba. Anaipeleka bafuni, anairudisha, kama mtu aliyebeba kitu kisicho na mahali. Hakuna muziki na hakuna uso uliosogezwa karibu. Kisha anaketi na viazi vingine, kisu mkononi, na safari hii anamenya huku mkono unasita. Hofu yote ya filamu imo kwenye ganda la kiazi. Siku ya tatu brashi ya viatu inamponyoka, kahawa haina ladha anayoijua, anafika posta bado imefungwa. Mpaka jioni kuna mtu amekufa, na ukirudi nyuma kutafuta ilianzia wapi, utarudi mpaka kwenye sufuria.

Hapa usidanganyike: ule si uvivu wa kuacha kamera ikijiendea. Delphine Seyrig, aliyemwigiza Jeanne, alikuwa mwigizaji mkubwa, na kila tendo lilipimwa. Ipo rekodi ya video ya mazoezi yao, iliyochukuliwa na Sami Frey. Humo Seyrig anataka kujua mwanamke huyu anawaza nini anapochana nywele. Chantal anamjibu kwa mambo ya mwendo: polepole hapa, haraka pale. Hisia hakuiagiza. Aliagiza muda wa tendo, na hisia ikaja yenyewe. Mpiga picha wake, Babette Mangolte, aliiweka kamera mbele ya mtu moja kwa moja, chini kuliko mazoea, na haigeuki kumfuata. Jeanne akitoka kwenye fremu, sisi tunabaki na chumba.

Utauliza Uyahudi uko wapi humo, maana Jeanne si Myahudi na filamu haitaji lolote. Chantal mwenyewe alieleza kwamba mpangilio ule wa siku aliujua kwa mamake na mashangazi, na kwamba nyuma yake kuna desturi ya Kiyahudi, ambamo kila tendo la siku lina utaratibu wake. Utaratibu unabaki hata sala ikiondoka. Mtu anajaza kila dakika ili pasipatikane nafasi wazi, kwa sababu kwenye nafasi wazi ndiko wanakoingia wafu. Aliongea pia mara nyingi juu ya amri ya kutojifanyia sanamu, ile ya Kutoka 20. Mtu aliyelelewa na amri hiyo anafanyaje picha? Alimtazama mtu uso kwa uso, kwa umbali wa adabu, bila kumchungulia kwenye pembe na bila kumkata vipandevipande. Mimi naona hilo ndilo somo lako kubwa, kuliko lenzi na taa zote.

Sasa ya tatu, No Home Movie, ya 2015. Natalia amezeeka, yuko kwenye nyumba yake ya Brussels, na bintiye anamrekodi kwa kamera ndogo ya kawaida na hata kwa simu. Inaanza na mti unaopigwa na upepo jangwani kwa dakika kama nne, upepo ukigonga maikrofoni, kabla hujaona mtu yeyote. Kisha jikoni, wanakula, wanaongea mambo ya chakula, na kwenye mambo hayo ya chakula ndimo Poland inamochomoza, na baba, na kukimbia. Kuna mahali Chantal ndiye anayemweleza msaidizi wa nyumbani kwamba mama alikuwa Auschwitz. Mama hakuulizwa. Maneno mawili matatu tu, na chakula kinaendelea.

Halafu zile simu za Skype. Kamera inaelekezwa kwenye skrini ya kompyuta, mama anauliza kwa nini unanirekodi, na binti anamjibu kwamba anataka kuonyesha kuwa duniani hakuna tena umbali. Wanaagana, hawaachani, wanaagana tena. Chantal anaisogeza kamera kwenye uso wa mama hadi uso unageuka vidoa vya rangi. Alikuwa anasema hakuna umbali, na picha inaonyesha wazi kuwa upo: ukiukaribia sana unampoteza yule unayemkaribia. Skype yenyewe ilifungwa Mei 2025, lakini jambo ni lilelile kwa simu zetu za video. Ukijaribu hilo, skrini itakupa mistari inayopanda na kushuka kwa sababu skrini nyingi hujichora upya mara 60 kwa sekunde na kamera yako haiendi nayo. Weka shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha) 1/60 ya sekunde kwa shoti hizo tu, kisha urudi 1/50.

Mama anaendelea kudhoofika, anakohoa, mabinti wanajaribu kumfanya azungumze asisinzie. Hakuna kitanda cha mauti, hakuna mazishi. Mwishoni Chantal yuko chumbani, anafunga kamba za viatu, anavuta mapazia. Kisha nyumba tupu. Natalia alifariki Aprili 2014. Filamu ilionyeshwa kwenye tamasha la Locarno, Uswisi, Agosti 2015, na tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo Chantal naye alifariki Paris, akiwa na miaka 65. Watu wengi sasa wanaitazama filamu kinyumenyume, kama waraka wa kwaheri. Usifanye hivyo. Ilitengenezwa na mtu aliyekuwa kazini, akichagua pamoja na mhariri wake Claire Atherton kutoka kwenye takriban saa 40 za picha, na inastahili kutazamwa kama kazi.

Zipo nyingine za kufuata baadaye. D'Est, ya 1993, inatoka Ujerumani ya Mashariki hadi Moscow, kamera ikipita kando ya watu wanaosubiri vituoni kwenye baridi, bila maelezo yoyote. Chantal aliandika kwamba ni baada ya kuimaliza ndipo alipoona foleni zile zilimkumbusha foleni gani. Là-bas, ya 2006, iko ndani ya nyumba moja Tel Aviv, na Israeli unaiona karibu yote kupitia mapazia ya dirisha. Hiyo ni ngumu, iache ya mwisho.

Sasa tuje kwa bibi yako.

Nenda mara mbili bila kamera kabisa. Mara ya tatu nenda nayo na usiiwashe. Uliza jambo moja la vitendo: kama anashika Sabato, na kama jiko lake ni la kosher, yaani linafuata sheria za Kiyahudi za chakula. Usikisie. Familia nyingi za Kiyahudi hapo Brussels hazishiki, na Uyahudi wao uko kwenye lugha, kwenye chakula na kwenye kuhangaikia watoto. Lakini kama anashika, Sabato inaingia Ijumaa kabla ya jua kuzama na kutoka Jumamosi usiku nyota zikionekana, kama saa 25, na mishumaa huwashwa dakika 18 kabla ya machweo. Hakuna kamera, hakuna kugusa swichi. Desemba jua la Brussels huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo Ijumaa funga vyombo vyako mapema. Juni una nafasi hadi karibu saa tatu na nusu usiku. Na kama jiko ni la kosher, vyombo vya nyama na vya maziwa havichanganywi. Ukiweka kikombe chako cha kahawa ya maziwa upande wa nyama, utamharibia kazi ya siku nzima, na yeye kwa ustaarabu atanyamaza. Maiki yako usiiegemeze kwenye sahani yoyote.

Ukikuta msiba umeingia, kuna siku saba za kukaa matanga, wanaziita shiva. Vioo hufunikwa, waliofiwa hukaa chini, watu huja na chakula. Halafu siku 30, na kwa mzazi mtoto husoma Kadishi, sala ya waliofiwa, miezi 11. Kila mwaka siku ya kifo huwashwa mshumaa unaowaka saa 24. Kwenye shiva nenda na chakula (cha kosher kama nyumba inashika), kamera iache nyumbani. Ule mshumaa wa mwaka, akikuruhusu, ni shoti nzuri kuliko saa mbili za mahojiano: uwekee kamera asubuhi, uweke tena usiku, mahali palepale.

Kamera iweke kwenye stendi, lenzi sentimita 110 hadi 120 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu aliyeketi. Ukiiweka juu kwa urefu wako, utamtazama bibi kwa juu kama mkaguzi. Tumia lenzi moja, ya milimita 35 au 50, na usiwe na zumu, maana ukiwa nayo mkono utaitaka pale machozi yatakapokaribia. Picha 25 kwa sekunde na shata 1/50, kwa sababu umeme wa Ubelgiji ni hezi 50 na taa za jikoni zitapepesa ukibadilisha. Funga mwangaza na rangi kwa mkono. Ukiacha otomatiki, kila wingu likipita dirishani uso wake utabadilika. Dirisha likiungua kwa weupe, liache liungue. Usilete taa zako. Ukileta taa, jiko linakuwa studio, na yeye anaanza kuongea kama mgeni rasmi.

Sauti ndiyo itakayokuumiza. Friji inavuma, na mvumo ule huusikii ukiwa pale, unausikia kwenye uhariri, ukikatika na kuanza kila unapokata. Omba ruhusa uizime, na funguo za nyumba yako ziweke ndani ya friji: hutaweza kuondoka bila kukumbuka kuiwasha tena. Rekodi kwa kiwango kinachopanda hadi karibu desibeli −12, si zaidi, kwa sababu kisu kikigonga ubao kinaruka ghafla. Kabla ya kufunga, kaeni wote kimya umrekodie chumba chake kitupu kwa sekunde 60. Kila chumba, kila siku, maana ukimya wa Jumanne si wa Alhamisi.

Kisha mwombe apike kitu ambacho angekipika hata kama usingekuwepo. Washa, rudi nyuma, kaa. Usimfuate akitoka. Hapo ndipo utakapotaka kukata, na hapo ndipo usikate: subiri arudi. Kama anataja neno la Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, la chombo au la chakula, mwache alitaje, utauliza maana baadaye ukiwa umezima. Ukiuliza papo hapo, unamgeuza mwalimu na yeye anaacha kupika. Yale usiyoruhusiwa kumuuliza usimzungukie kwa ujanja. Watoto wa waliorudi wamezoea maswali yenye mtego, na mlango ukifungwa hautafunguka tena.

Ya kambi jifunze mwenyewe, usimpe yeye mzigo wa kukufundisha. Panda treni uende Mechelen, kilomita kama 25. Kambi ya askari iliyoitwa Dossin ilichaguliwa kwa sababu iko katikati ya Brussels na Antwerp, miji waliyokaa Wayahudi wengi, na reli iko jirani. Kuanzia Agosti 1942 hadi Julai 1944 misafara 28 iliondoka hapo, ikiwa na zaidi ya watu 25,000, Wayahudi na watu wa jamii ya Roma (Wajipsi), karibu wote kwenda Auschwitz. Waliorudi ni wachache sana. Sasa pana makumbusho. Nenda pia Anderlecht kwenye mnara wenye majina ya wasiorudi, zaidi ya 23,000 yamechongwa. Na barabarani angalia chini: vibamba vya shaba vya mraba, kila upande kama sentimita 10, vimepachikwa mbele ya milango, na kila kimoja kina jina la aliyetolewa kwenye nyumba hiyo. Ukipita huko kwanza, utaingia jikoni kwa bibi ukijua ukimya wake una ukubwa gani, na kamera itakaa mahali panapostahili bila mtu kukwambia.

Mambo ya mwisho ya vyombo. Kwa kiwango cha megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ni gigabaiti 45. Saa 40 kama za Chantal ni terabaiti 1.8. Weka nakala tatu, moja isikae nyumba moja na nyingine. Kadi usiifute mpaka umefungua faili na kulitazama kwa macho, si kuhesabu tu. Ruhusa yake iombe kila siku ya kurekodi, hata kama alisaini karatasi mwanzoni, na siku akisema leo hapana, kunywa chai uondoke.

Anza na dakika tatu za viazi, au chochote atakachomenya. Zitazame mara moja bila sauti na mara moja bila picha, kisha nitumie kabla hujakata kitu. Na koti lile jembamba usilitegemee baridi hii, nunua jingine.

Mama yako.